Stationary au stationery? Maneno ya Kiingereza yanayofanana, asili yake na jinsi ya kuchagua

Juu ya mlango wa duka letu kulikuwa na bango la maandishi mekundu: STATIONARY & PHOTOCOPY. Nilikaa chini ya bango hilo miaka minne nikipiga chapa barua za maombi ya kazi, wasifu na katiba za vikundi vya kuweka na kukopa, na sikuona kasoro. Siku moja akaja mwalimu mstaafu kutoa kopi ya cheti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akainua macho. "Mwanangu, kwani maduka mengine hapa mtaani yanatembea, mpaka nyinyi mtangaze kwamba la kwenu limesimama?"

Sikuelewa. Akachukua kalamu, akaniandikia herufi moja nyuma ya karatasi iliyoharibika: e. Tangu hapo nina daftari la maneno ya Kiingereza yanayofanana sauti, na nimejifunza kwamba ukikariri herufi peke yake utaisahau wiki ijayo, bali ukijua neno limetoka ukoo gani, herufi inakuja yenyewe. Mengine ni ndugu wa tumbo moja waliotenganishwa na tahajia. Mengine hayana undugu wowote, yamefanana sura tu kama abiria wawili waliokutana ndani ya daladala. Kwa ndugu, tafuta nani alirithi nini. Kwa wasio ndugu, tafuta nani kamuiga nani.

## Stationary na stationery

Hawa ni ndugu. Kilatini statio ni mahali pa kusimama, na humo ndimo lilimotoka station, ambalo sisi tulilifanya stesheni. Stationary limebaki karibu na mama yake: ni kitu kisichosogea, kama gari lililosimama kwenye foleni.

Stationery lina safari ndefu zaidi. Katika Ulaya ya zama za kati wauza bidhaa wengi walikuwa wachuuzi wa kutembeza. Muuza vitabu hakuwa hivyo; alikuwa na kibanda chake penye chuo, akaitwa stationarius, yaani mtu wa kukaa mahali pamoja. Huko Bologna na Paris kazi yake haikuwa kuuza tu. Alikuwa na nakala ya kitabu iliyokubaliwa na chuo, imegawanywa vipande vipande. Mwanafunzi alikodi kipande kimoja, akakinakili kwa mkono, akakirudisha, akachukua kinachofuata. Yeyote aliyewahi kupanga foleni nje ya geti la chuo akisubiri kopi za notsi za mhadhiri anamjua mtu huyu, ila wa leo ana mashine na kaunta ya vioo.

London, watu wa kazi hiyo waliunda chama chao mwaka 1403, na mwaka 1557 wakapewa hati ya kifalme. Kila mmoja wao aliitwa stationer, na karatasi, wino na kalamu alizouza zikaitwa stationery. Kwa hiyo ile e ni ya mwenye duka. Baker ana bakery, stationer ana stationery. Ukiandika juu ya vifaa vya ofisini, mtafute mwuzaji ndani ya neno. Kama hayumo, umeandika habari ya kitu kilichosimama.

Bango letu lilirekebishwa na fundi wa mabango aliyepaka e juu ya a. Jua la saa kumi likipiga, a bado inaonekana chini yake.

## Price, prize na praise

Hapa ni ndugu watatu, nami nawapenda kuliko wote waliomo daftarini. Kila shule zikikaribia kufunga mwaka, kazi za kuchapa vyeti na ratiba za mahafali huingia kwa wingi, na nimeona zaidi ya mara moja ratiba iliyokuja na kichwa Price Giving Day. Siku ya kugawa bei! Wazazi wangeogopa kuja.

Babu yao ni pretium, neno la Kilatini la thamani na malipo. Kifaransa cha kale kililifanya pris, na pris lilibeba kila kitu kwa pamoja: bei ya kitu, thamani yake, tuzo anayopewa mshindi, hata heshima. Kiingereza kilipoupokea mzigo huo kikaugawa mafungu. Bei ikawa price. Tuzo ikawa prize. Kukiambia kitu kwamba kina thamani, yaani kukisifu, kukawa praise. Kiswahili kingeweza kufanya hivyo hivyo na thamani: tungekuwa na neno moja la bei ya sukari dukani, la kikombe cha ligi, na la wimbo wa kumsifu Mungu, kisha tukalibadilisha herufi moja moja.

Kuchagua ni rahisi kwa Mswahili kuliko kwa Mwingereza mwenyewe. Zawadi ina z, tuzo ina z, prize lina z. Sifa ina s, praise lina s. Price linabaki na c, herufi ileile inayofungua cash na cost. Tena sikiliza mwisho wa neno: price linaishia kwa sauti ya s na prize kwa sauti ya z, sauti mbili ambazo sisi hatuzichanganyi. Anayekosea kuandika mara nyingi anakosea pia kutamka, na akirekebisha ulimi mkono unafuata.

## Principal na principle

Barua moja ya maombi ya kazi ilikuwa na sentensi hii: I am a man of principals. Mwenye barua alitaka kusema ni mtu wa msimamo. Alichosema ni kwamba ana wakuu wa vyuo wengi.

Yote mawili yametoka kwa princeps, neno la Kilatini lililounganisha primus, wa kwanza, na capere, kuchukua: yule anayechukua nafasi ya kwanza. Augustus aliyetawala Roma alipendelea kuitwa hivyo kuliko kuitwa mfalme. Kwa upande wa ukuu likatoka principal: mkuu wa chuo, mkuu wa sekondari kwa Wakenya, sababu kuu ya jambo, na kwenye mkopo ile fedha yenyewe uliyochukua kabla riba haijaanza kuipanda mgongoni. Kwa upande wa mwanzo kulikuwa na principium, kile kinachotangulia na vingine vikasimama juu yake, na hapo ndipo lilipotoka principle, kanuni. Wafaransa huandika principe, bila l. Waingereza ndio walioibandika l, na kwa kufanya hivyo wakawafananisha ndugu wawili ambao hapo awali mtu angewatofautisha kwa mbali.

Principle ni rule, na yote mawili huishia le. Fedha huishia al: capital, principal. Ikiwa ni mtu au sifa, jaribu kuweka "mkuu" au "kuu" katika sentensi yako kwa Kiswahili. Ikikaa vizuri, andika al. Na ukumbuke principle daima ni nomino, haliwezi kusimama mbele ya nomino nyingine kuipa sifa. Kanuni kuu ni principal principle, maandishi ambayo hata leo nikiyaona nayasoma mara mbili.

## Council na counsel

Hawa si ndugu. Ni majirani waliokaa pamoja muda mrefu mpaka nguo zao zikachanganyika kwenye kamba. Concilium ya Kilatini ilitokana na con, pamoja, na calare, kuita: watu walioitwa wakae kikao. Consilium ilikuwa shauri, nasaha, na upande huo ndiko alikotoka consul, mtawala wa Roma ya kale. Maneno hayo yalipoingia Uingereza kupitia Kifaransa yalivurugana, maana baraza hutoa mashauri na mashauri hutolewa barazani. Baadaye ndipo tahajia ilipowekwa sawa: council kwa chombo, counsel kwa ushauri.

Kwetu vurugu hiyo ina sababu ya ziada. Halmashauri yetu ina shauri ndani yake. Sisi tumekiita chombo kwa kazi yake, kwa hiyo akili ya Mswahili haioni kwa nini Mwingereza ahitaji maneno mawili. Lakini anayahitaji. Nilimpigia chapa mama mmoja tangazo la huduma zake za ushauri nasaha, naye alikuwa ameandika marriage councillor. Diwani wa ndoa. Nikamweleza, akacheka mpaka akakaa kwenye benchi la wateja, akasema huyo naye angefaa, ndoa nyingine zinataka diwani.

Counsel lina s, na ushauri una s. Hiyo inatosha. Counsellor ni mshauri. Councillor ni diwani. Counsel mahakamani ni wakili, ndiyo maana mawakili wakiitana kwa heshima husema learned counsel, ambako kwetu husemwa wakili msomi. Na kama unataka kuona neno la Kilatini lilivyoweza kusafiri, nenda Nairobi usikilize wachuuzi wakipeana taarifa kwa kelele askari wa jiji wakija: "Kanjo!" Ni council hilo, limefupishwa na kuwekewa vidole vya kunyang'anya nyanya.

## Affect na effect

Mzizi mmoja, facere, kutenda, wenye vichwa viwili. Ad ni kuelekea: afficere, kukitendea kitu, kukigusa. Ex ni kutoka: efficere, kutenda mpaka kitu kitokee. Mswahili ataelewa haraka akikumbuka tenda, tendea, tendesha. Sisi tunabadilisha mkia wa kitenzi, Warumi walibadilisha kichwa.

Matumizi ya kila siku: affect ni kitenzi, kuathiri, effect ni nomino, athari. Mtego uko hapa: kuathiri na athari yote yana a, kwa hiyo Kiswahili hakitakusaidia kukumbuka, tena kitakuvuta uandike affect kila mahali. Tumia swali jingine. Je, unaweza kuweka "the" mbele yake? Basi, karibu mara zote, ni effect. Lipo pia effect la kitenzi, ambalo barua za kiofisi hulipenda: to effect payment, kutekeleza malipo, kuyafanya yatokee. Hapo ukiandika affect, unamwambia mhasibu ayaathiri malipo, na wapo wanaofanya hivyo bila kuandikiwa.

## Complement na compliment

Ndugu tena, kutoka complere, kujaza. Complement lilitoka moja kwa moja kwenye Kilatini likabaki na maana ya kujaza pengo: chai na sukari, au pembe mbili zinazojumlika kuwa nyuzi 90. Compliment lilipitia Hispania na Italia, ambako kujaza kulikuwa kutimiza wajibu wa adabu: salamu, maneno mazuri kwa mwenyeji. Likarudi likiwa na i na maana ya sifa njema. Kutoka kwenye adabu hiyo ya mwenyeji ndiko kulikotoka complimentary ya hoteli, yaani ya bure. Hoteli inayotangaza complementary breakfast inasema kifungua kinywa chake kinakamilisha kitu. Usishangae ukikikuta kwenye bili. Complete lina e, complement lina e. Kwa compliment, i ni ya sifa: sikiliza irabu ya kwanza ya neno sifa lenyewe.

## Flour na flower

Haya hayamkoseshi mtu kazi, lakini asili yake inamfaa kila mla ugali. Yalikuwa neno moja. Ngano ikisagwa na kupepetwa pumba zikatoka, ile sehemu laini na bora ilisemwa ni ua la ngano, na Wafaransa hadi leo wana fleur de farine, ua la unga. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755 bado hakulitenga flour kama neno la peke yake. Unga na ua vilikaa chini ya tahajia moja. Kwa lugha ya mashineni, flower la unga lilikuwa sembe, na dona halikustahili jina hilo.

## Isle, aisle, na s iliyoiba nafasi

Hapa ndipo kufanana sura kunapodanganya. Isle ni kisiwa, kutoka Kilatini insula, kwa hiyo s yake ni halali. Island ni neno jingine kabisa, la Kiingereza cha kale, igland, ambalo halikuwa na s. Wasomi wakaona maneno mawili yenye maana moja, wakadhani ni ndugu, wakamvisha island s ya isle. Kisha aisle. Hili lilitoka kwa ala, bawa: upande wa kanisa ulioonekana kama bawa la jengo. Nalo likafananishwa na isle, likapewa s isiyo yake. Leo s mbili kati ya hizo tatu ni za wizi, na zote tatu hazitamkwi.

Kwa anayechagua: visiwani ni isle au island, kanisani, dukani au ndani ya ndege, ile njia kati ya safu ni aisle. Kama karani wa ndege anakuuliza window or aisle, hakuulizi kama unakwenda Unguja. Kumbuka aisle kwa a ya ala, bawa, na ndege ina mabawa.

Udanganyifu wa aina hiyo umo pia katika male na female. Watu wengi huapa kwamba la pili limejengwa juu ya la kwanza. La hasha. Male limetoka kwa masculus, female kwa femella, msichana mdogo. Mwisho wake ulibadilishwa tu ufanane na wa mwenzake.

## Mengine kwa haraka

Discreet na discrete ni neno moja, discretus, lililopasuliwa kwa tahajia. Discreet ni mwenye siri, anayejua la kusema na la kuacha. Discrete ni vitu vilivyotengana, na ukitazama utaona t imezitenga e mbili zisigusane.

Lose na loose: lose ni kupoteza au kushindwa, hutamkwa kwa z, loose ni kulegea, hutamkwa kwa s, nalo lililetwa Uingereza na watu wa kaskazini waliovuka bahari. Lose limepoteza o moja. Katika barua nilizopiga chapa, hili ndilo kosa namba moja, na programu ya kompyuta hailipigii mstari mwekundu kwa kuwa yote mawili ni sahihi.

Elicit ni kuvuta kitu kitoke, jibu au machozi. Illicit ni kisichoruhusiwa, kutoka kwa licere, kuruhusiwa, kitenzi kilichotupa leseni. Gongo na chang'aa zinazopikwa bila leseni ni illicit, na hapo il ni "si".

Capital ni kichwa, caput: mji wenye kichwa cha serikali, herufi kubwa, adhabu ya kifo ambayo zamani iliondoka na kichwa chenyewe, na mtaji. Mtaji huohuo, ulipopitia kwa Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza, ukageuka kuwa cattle, na mfugaji anayeita ng'ombe wake mali ataona hakuna ajabu. Capitol lenye o ni kilima cha Roma kilichokuwa na hekalu la Jupiter, na jengo la bunge la Marekani kule Washington. Ukiwa unaandika habari za Dodoma au Nairobi, hulihitaji o hilo hata siku moja.

## Check na cheque

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu limetoka karibu na kwetu. Waajemi walipocheza sataranji, mchezaji aliyemtishia mfalme wa mwenzake alitamka shah, mfalme. Neno likapita kwa Waarabu, likaingia Ufaransa likiwa eschec, likafika Uingereza likiwa check. Mfalme akitishiwa mchezo unasimama, kwa hiyo check likawa kuzuia, na kutoka kuzuia likawa kukagua. Mwisho wa mchezo ulikuwa shah mat, ambayo Waarabu waliisikia kuwa mfalme amekufa, kwa mzizi uleule uliotupa mauti na maiti.

Ubao wa mchezo huo una miraba, na wahasibu wa wafalme wa Uingereza walihesabia fedha juu ya kitambaa cha miraba, ndipo hazina ikaitwa Exchequer, jina ambalo magazeti ya Kenya bado hulitumia pesa za kaunti zikichelewa. Baadaye, katika karne ya 18, kipande cha karatasi ya benki kilichobaki kwa mtoaji ili kukagua kama hati si ya kughushi kiliitwa check, jina likahamia kwenye hati yenyewe, na tahajia ya Exchequer ikalivuta likawa cheque. Wamarekani hawakuvutika. Basi ukiandikia benki ya Dar es Salaam au Kampala, hundi ni cheque na kukagua ni check. Ukiandikia New York, yote ni check.

Kijana anayenisaidia dukani siku hizi haandiki hundi, analipwa kwa simu. Jioni akifunga mashine huniambia, "Bosi, kukiwa na kazi nicheki," na anaondoka bila kujua kamtaja mfalme wa Uajemi.